Hesabu Ndogo ya Mke wa Meno

Fundi mwenyewe walimwita Meno, na usidhani ni kwa sababu ya kinywa chake. Kinywa chake kilikuwa cha kawaida tu, tena jino moja la mbele lilishaondoka. Jina lilitokana na kazi: alikuwa akikata meno ya gia, na aliyakata miaka thelathini na moja katika karakana ileile, kwenye mashine ileile, juu ya ubao uleule uliochimbika mahali pa visigino vyake. Siku moja alikuja mama mmoja shavu limevimba, ameelekezwa na mtu asiye na akili, akauliza, "Ndiye wewe fundi wa meno?" Meno akamwonyesha mashine yake. Yule mama alitoka mbio, na wenzake Meno wa karakana wakaapa kwamba jino lilipona kabla hajafika barabarani.

Sasa, kabla hujaniambia kwamba gia ni gia tu, kaa kitako nikueleze. Mwenye mashine anakuja na namba. Gurudumu lake la mwisho linatakiwa kuzunguka kwa kasi fulani, si zaidi wala si pungufu, na kasi hiyo ameiandika kwa nukta na mkia mrefu wa tarakimu. Kazi ya fundi ni kumpa gia nne, mbili za juu na mbili za chini. Unazidisha meno ya zile za juu, unazidisha meno ya zile za chini, unagawanya. Ikitoka ile namba yake, umepona. Isipotoka, rudi mwanzo. Gia zenyewe huanzia meno ishirini na kuishia mia na ishirini, maana zaidi ya hapo haziingii kwenye sanduku la mashine. Unachagua nne tu. Rahisi, eti? Keti ujaribu. Njia za kuzichagua ni mamilioni.

Meno aliacha shule darasa la nne. Mjomba wake alimleta karakana kufagia vumbi la chuma, na kwa kuwa alikuwa na mkono mtulivu na jicho kali, akapanda taratibu mpaka akakabidhiwa mashine ya gia. Kukata alikata vizuri mno. Kuzidisha alijua. Kugawanya, jamani, kulimshinda kabisa. Akiona namba ndefu inasubiri kugawanywa, jasho lilimtoka mgongoni.

Bahati yake ilikuwa mke. Alimwoa fundi cherehani, mwanamke mkimya mwenye penseli nyuma ya sikio, ambaye shuleni alikuwa wa kwanza katika hesabu mpaka siku nafasi yake ya kuendelea ilipopewa kaka yake. Miezi miwili baada ya harusi, Meno alirudi nyumbani na karatasi mfukoni, akakaa mbele ya sahani bila kuigusa.

"Una nini?" mkewe akauliza.

"Namba."

"Lete niione."

Siku nne baadaye akamrudishia karatasi ndogo yenye namba nne, bila neno la ziada. Meno akazidisha za juu, akazidisha za chini, akampa mkewe agawanye mara moja, ikatoka vilevile kama ilivyotakiwa. Akaenda kazini, akakata, mashine ikazunguka, na mkuu wa karakana akampiga bega: "Huyu Meno ana kichwa!"

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Hakusema. Siku ya kwanza ilikuwa aibu. Mara ya pili alijiuliza ataelezaje kwamba mara ya kwanza alinyamaza. Mara ya tatu hakujiuliza tena. Simtetei, ila namwelewa. Wengi wetu tunavaa sifa za watu kwa namna hiyohiyo, kidogo kidogo, mpaka zinatutosha.

Basi wakazoea. Meno akirudi na namba aliiweka chini ya kopo la sukari. Jibu likipatikana, lilikaa chini ya kopo hilohilo. Yeye alilichukua, akalihakiki huku chai inapoa, na chai haikuwahi kupoa kabla hajamaliza. Kwa hiyo kichwani mwake kazi yote ilikuwa na urefu wa kikombe kimoja. Aliiita "hesabu ndogo." Jibu likikawia wiki mbili alinung'unika, "Mama, ile hesabu ndogo vipi?" na mkewe, sindano mdomoni, alijibu, "Inakuja."

Jambo jingine lilimtia mashaka, ingawa kwa heshima hakulisema. Mkewe alijaza madaftari. Meno alipoyafungua aliona mistari kwa mistari ya kugawanya, na mwisho wa kila mstari neno moja: hapana. Hapana, hapana, hapana, ukurasa mzima. Maskini, alidhani mkewe anakosea sana. Akaona amsitiri. Yakijaa, aliyachukua kimyakimya hadi karakana, akayachana na kufutia grisi.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mwezi wa mwisho wa kazi yake. Alikuwa amebakiza siku ishirini astaafu alipoingia mhandisi wa kiwanda cha kuchapa vitambaa, amekunja mikono ya shati, ameshika kipande cha kitambaa chenye maua. Rola yao ya rangi nyekundu ilikuwa imebadilishwa, na mpya haikulingana na ya zamani. Mwanzo wa kitambaa ua jekundu lilikaa ndani ya mstari wake mweusi. Kila mita likaponyoka kidogo. Kufika mita ya hamsini, ua liko huku na mstari wake uko kule.

"Tumepima," alisema mhandisi. "Tunataka sifuri nukta nane moja sifuri sifuri nne sita. Tarakimu zote sita. Jumamosi ya wiki ijayo. Mkishindwa, hii na kazi zetu zote tunapeleka kwingine."

Mkuu wa karakana akageuka. Kila mtu akageuka. Cheche, mchomeleaji, aliyefanya kazi naye tangu wote wawili wana nywele, akainua miwani yake ya kuchomelea ili amwone vizuri.

"Hesabu ndogo," Meno akasema. Maneno yalitoka yenyewe kwa mazoea.

Nyumbani aliiweka karatasi chini ya kopo la sukari, akavua viatu, ndipo akakumbuka. Asubuhi ileile mkewe alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa chini ya bandeji. La pili lilikuwa bado na ukungu, halisomi hata jina la mtaa. Daktari alikataza kusoma, kuinama na kushona, wiki mbili kamili. Meno alisimama jikoni na soksi zake, akaliangalia lile kopo. Kazi yake ya mwisho. Mbele ya watu wote alikuwa amesema ni ndogo, na sasa ama ataaga karakana kwa kushindwa, ama atasema ukweli siku ambayo ukweli haumsaidii mtu.

Alikwenda chumbani. Binti yao, mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari, alikuwa ameomba ruhusa aje kumwuguza mama, na alikuwa anamtia matone.

"Mama," Meno alianza, "kuna namba."

"Isome."

Akaisoma. Mkewe aliirudia tarakimu kwa tarakimu, uso ameuelekeza darini.

"Nipe mimi, baba, nifanye," binti akasema.

"Wewe shika matone," mama akajibu. "Baba yako achukue daftari na penseli. Anayo mikono."

Nataka ulione lile tukio, maana mimi kila nikilikumbuka hucheka. Mzee wa miaka hamsini na nane, ovaroli bado mwilini, amekaa kwenye kiti kidogo cha cherehani, penseli ameishika kama bisibisi. Mkewe amelala chali, amemfundisha kugawanya upya kama mtoto, na sasa anampa amri. Alikuwa na njia yake ya kupanda ngazi ya visehemu: chukua kisehemu kilichopungua kidogo kuliko namba inayotakiwa na kingine kilichozidi kidogo, jumlisha juu na juu, chini na chini, unapata kingine kilicho karibu zaidi. Hiyo yote aliifanya kichwani. Lakini kila pea ya namba iliyopatikana ilibidi ipasuliwe, ya juu na ya chini, kila moja itoe vipande viwili vya kuzidishana, vitoshe kuwa gia. Na kupasua hakuna ngazi. Ni kugonga mlango mmoja mmoja.

"Gawa kwa saba."

"Baki tatu."

"Andika hapana. Gawa kwa kumi na moja."

"Baki tano."

"Hapana. Kumi na tatu."

Baada ya saa nzima na kidogo alikuwa ameandika hapana mara ishirini na tatu, na vidole vimekufa ganzi.

"Hii haipasuki," akasema. "Tumemaliza?"

"Tumemaliza hiyo ya juu," mkewe akasema. "Imekufa, kwa hiyo ya chini tunaiacha. Sasa pea ya pili."

Siku ya kwanza waliua pea nne. Siku ya pili, alipokwisha kupata mkono kidogo, sita. Mkuu wa karakana alimpa ruhusa ya kukaa nyumbani, akidhani Meno ana mahali pake pa kufikiria. Siku ya nne Meno aliitupa penseli.

"Haiwezekani hakuna kanuni," alimwambia binti yake. "Mmesoma. Nyie walimu mna kanuni. Namba inaingia huku, vipande vinatoka kule."

Binti akaketi ukingoni mwa kitanda. "Baba, kanuni ya kujua kama namba inapasuka au ni namba tasa, ipo, na ni ya haraka kiasi. Lakini inapasukia wapi, hiyo ya haraka hakuna anayeijua."

"Uchawi gani huo? Ujue mzigo una vitu viwili ndani, usijue ni vitu gani?"

"Ndivyo ilivyo. Chuoni walikuwa na kompyuta imefungiwa chumba chenye baridi, kubwa kuliko kabati hili. Namba kama hizi zako ingezimeza mara moja. Lakini ukiipa namba ndefu, tarakimu mia kadhaa, inafanya anachofanya mama. Ina ujanja zaidi, ila inatafuta tu. Watu wenye vichwa vikubwa wametafuta njia ya mkato tangu zamani, hawajaipata. Wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo. Hapo ndipo elimu ilipofikia."

"Na ukishapewa jibu?"

"Ah, ukishapewa, unazidisha tu. Kuhakiki ni dakika moja hata kwa mtoto. Kutafuta ndiko kunakokula umri wa mtu."

Binti alisema hivyo kwa wepesi wa kimwalimu, akaenda zake jikoni kuchemsha maji. Hakujua amempiga baba yake wapi. Meno alibaki kwenye kile kiti, daftari magotini. Aliliangalia neno hapana alilokwisha kuliandika kwa mkono wake zaidi ya mara mia tatu, na hakuna hata moja kati ya hizo alipokuwa amekosea.

"Mama," akasema.

"Naam."

"Zile zote. Miaka yote. Ulikuwa unafanya hivi?"

"Ulidhani nafanyaje?"

"Nilidhani... unazijua tu."

Mkewe alicheka, akashika bandeji haraka. "Usinichekeshe, daktari amekataza."

"Ile ya kiwanda cha unga ilichukua muda gani?"

"Wiki tano."

Aliikumbuka. Alikuwa ameuliza kila asubuhi, na siku moja alitoka nyumbani bila kuaga kwa hasira ya kucheleweshwa. "Na madaftari niliyokuwa nafutia grisi?"

"Yale yaliniuma," mke akasema. "Zile hapana ndizo kazi yenyewe. Namba niliyokwisha kuiua sirudi kuipiga tena, lakini mpaka nikumbuke kwamba niliiua. Daftari likipotea, inafufuka. Nyingine nilizirudia mara tatu."

"Kwa nini hukuniambia, mke wangu?"

"Nilikuambia mara moja. Ukasema si zimekwisha, zote zimeandikwa hapana." Akapapasa mpaka akaupata mkono wake. "Sikiliza, usijitese. Nguo nilishona za watu. Hesabu zilikuwa zangu mwenyewe. Kila uliponiletea karatasi nilifurahi, hata nilipochoka. Lakini ungeniuliza siku moja tu, mama, umeipataje, ningefurahi zaidi."

Meno alilia. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hulisema wazi. Alilia kwa aibu kidogo, na kwa shukrani nyingi iliyokuwa imechelewa miaka thelathini na moja na ikaja yote kwa pamoja. Kisha akafuta macho, akachonga penseli, akauliza, "Inayofuata ni ipi?"

Ilipatikana Alhamisi adhuhuri, pea ya arobaini na sita. Juu elfu sita mia nne tisini na tisa, chini elfu nane ishirini na tatu. Ile ya juu kwa kumi na tatu ilikosa moja tu ikamilike, Meno akaitukana. Akaenda kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na tatu, hapana, hapana. Alipofika sitini na saba, baki ikawa hakuna. Akairudia. Hakuna. Sitini na saba mara tisini na saba. Akaivamia ya chini, na kwa sabini na moja ikafunguka: sabini na moja mara mia moja kumi na tatu. Alipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

"Gawanya ya juu kwa ya chini," mkewe akasema kwa utulivu, ila alikuwa ameketi kitandani, jambo alilokatazwa.

Aligawanya. Peke yake, tarakimu kwa tarakimu, akizisoma kwa sauti. Sifuri nukta nane moja sifuri sifuri nne sita.

"Chai yako imepoa," binti akasema.

"Iache ipoe," akasema Meno.

Alikata gia Alhamisi hiyohiyo na Ijumaa yote, mkono wake ukiwa mtulivu kuliko siku zote. Jumamosi wakazifunga kiwandani. Kitambaa kikaanza kutiririka, mita ya kumi, ya hamsini, ya mia mbili, na ua jekundu limekaa ndani ya mstari wake kama limeambiwa lisitoke. Mhandisi akapiga makofi. Mkuu wa karakana, ambaye alikuja na watu wake kushuhudia, akampiga Meno bega, akawageukia wengine: "Nilisema nini? Huyu mzee ana kichwa!"

"Kichwa si changu," Meno akasema.

Wakacheka, wakidhani ni unyenyekevu. Hakucheka. Ilibidi aseme kwa sauti, mashine zinanguruma.

"Nasema kweli. Hii hesabu ni ya mke wangu. Na ile ya kiwanda cha unga, na ya pampu, na zote mlizonisifia tangu nimeanza. Mimi nilikuwa nazibeba tu kutoka nyumbani. Nilikaa kimya, nikala sifa zake, na nilikuwa sijui hata kama ni kazi."

Meno alijua wakati ule kwamba jina lake la miaka thelathini na moja limeanguka chini, na alisubiri aone nani atalikanyaga wa kwanza. Alikuwa Cheche.

"Yaani muda wote huu," Cheche akasema, "tulikuwa tunampongeza tarishi!"

"Tarishi mwenye ovaroli," Meno akakubali, na kicheko kikalipuka, hata mkuu hakuweza kujizuia. Mhandisi ndiye hakucheka. Aliuliza, "Huyo mama amewahi kuziona gia zake?"

Meno akafikiri. Hakuwahi. Hakuna aliyewahi kumwalika.

Bandeji ilitolewa wiki iliyofuata, na siku ya mwisho ya kazi ya Meno mkewe aliletwa kiwandani, amevaa gauni aliloshona mwenyewe, amemshika mumewe mkono kwa sababu sakafu ilikuwa na mafuta. Karakana nzima ilikuja. Walimpa heshima, "Shikamoo mama, karibu mama," naye akaitikia kwa aibu huku jicho lake jipya likitafuta. Mhandisi akafungua kifuniko cha sanduku. Gia zilikuwa zinazunguka kwa kasi, hazionekani meno, ni ukungu wa chuma tu.

"Zinaweza kusimama?" mkewe Meno akauliza.

Mhandisi akasita. Mashine hiyo ikisimama, mstari mzima unasimama, watu arobaini. Akamtazama Meno.

"Zima," Meno akasema.

Kiwanda kikanyamaza. Mkewe akainama kwenye sanduku, akaweka kidole kwenye jino moja la gia ya juu, akaanza kuhesabu. Si kwa haraka. Moja, mbili, tatu, kidole kikitambaa kutoka jino hadi jino, chaki ya kushonea bado iko kwenye kucha. Watu arobaini wamesimama. Mtu akakohoa. Alipofika sitini na kitu mhandisi akatazama saa yake, akataka kusema neno. Meno akainua mkono, na mhandisi akaliacha.

"Tisini na saba," mkewe akasema. Akajinyoosha, akamtazama mumewe. "Yapo yote."

"Yote."

"Na ile kubwa pale nyuma ndiyo mia moja kumi na tatu?"

"Ndiyo yenyewe."

"Basi ngoja niihesabu na hiyo."

Hakuna aliyepinga. Meno akamvutia kiti, akamfuta mafuta kwenye kidole kwa kitambaa safi, kisha akasimama kando yake akasubiri.